Nimebadilisha betri mbili na alterneta, gari bado linanigomea

Shikamoo fundi,

Nakusoma siku nyingi ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Nina gari dogo la petroli, gia otomatiki, lina umri wa miaka 18. Nililinunua kwa mtu mwaka jana likiwa limetembea kilomita 210,000. Aliyeniuzia aliniapia kwamba halina tatizo, na kwa miezi mitatu ya mwanzo kweli halikuwa nalo. Bodi safi, injini inaunguruma vizuri, nikajiona nimebahatika.

Shida ilianza Jumatatu moja asubuhi. Nilizungusha ufunguo, taa za dashibodi zikafifia, nikasikia "taktaktaktak" ya haraka haraka, basi. Jirani akaniungia umeme wa gari lake, likawaka. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, nikanunua mpya. Hazikupita wiki tatu, Jumatatu nyingine, yakawa yale yale. Fundi wa pili akasema alterneta haichaji. Nikafungiwa nyingine, mtumba. Likatulia mwezi hivi, likarudia. Nikaambiwa betri niliyonunua ilikuwa mbovu, nikanunua nyingine tena. Jumatatu iliyopita nimesukumwa na wapita njia mpaka pembeni ya barabara, kwa sababu otomatiki haliwaki kwa kusukuma.

Halafu kuna ugonjwa mwingine ambao sijui kama ni huo huo. Mara nyingine asubuhi linawaka vizuri, ila mchana, nikiwa nimetoka kuendesha muda mrefu na kusimama dakika kumi au kumi na tano, nikirudi linatoa "tak" moja nzito, kimya. Hapo taa zote zinawaka vizuri kabisa. Nikirudia mara tano sita linawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Usiku nikisimama kwenye foleni taa za mbele zinapungua mwanga, nikikanyaga mafuta zinang'aa.

Kuhusu joto: kwenye foleni mshale unapanda mpaka robo tatu, nikiingia barabara ya wazi unashuka. Fundi wa tatu alitoa thamostati, akasema magari ya zamani hayaihitaji. Tangu hapo kwenye foleni bado unapanda, barabarani unashuka hadi karibu na chini kabisa, na gari linakunywa mafuta kuliko zamani. Siku chache baadaye ikawaka ile taa ya injini ya rangi ya chungwa, na haijazimika mpaka leo. Kwenye rejeta naongeza maji ya bomba.

Mwisho, nikikata kona kali kwenda kulia, tairi la mbele kushoto linalia "ka-ka-ka-ka".

Sijui kama ina maana, lakini mwenye gari wa kwanza alifunga redio kubwa na alamu, siyo vya kiwandani.

Mume wangu anasema tuliuze kwa bei yoyote. Mimi nalipenda, ila nimechoka, na zaidi nimechoka kusimama gereji nikiambiwa jambo jipya kila mara bila kujua la kuuliza. Nifanye nini?

Mwenye gari la Jumatatu

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeandika vitu ambavyo mafundi wote watatu walipaswa kukuuliza kabla hawajashika spana. Umeeleza siku, saa, mlio, na taa zinafanyaje wakati wa mlio. Hiyo ni nusu ya kazi.

Kinachoniuma ni kwamba katika betri mbili, alterneta na thamostati, sijaona mahali hata pamoja ambapo mtu alipima. Walibahatisha, nawe ukalipia kila bahati nasibu yao. Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa kingine chochote, nunua mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya dijitali yenye waya mwekundu na mweusi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyokwisha kununua, na kitakufanya wewe uwe mwenye swali pale gereji.

Sasa, gari lako lina magonjwa mawili ya umeme, siyo moja, na ndiyo maana kila tiba ilionekana kufaulu kwa muda. La Jumatatu na la mchana ni mbali kama mbingu na ardhi. Taa zikififia na stata (ile mota inayozungusha injini iwake) ikalia taktaktak ya haraka, betri haina nguvu. Taa zikibaki zinang'aa na stata ikatoa tak moja nzito, betri inayo nguvu ila nguvu haifiki inakotakiwa, au imefika na stata yenyewe haiwezi kuitumia.

Tuanze na Jumatatu. Kwa nini isiwe Jumatano? Kwa sababu naamini Jumamosi na Jumapili gari linalala. Siku za kazi unaliendesha kila siku, alterneta inarudisha kilichopotea usiku. Wikiendi hakuna wa kurudisha. Kuna kitu ndani ya gari kinanyonya betri likiwa limezimwa, na ungeweza kununua betri kumi, zote kingezinyonya vivyo hivyo.

Angalia hesabu yake. Gari lililozimwa na kufungwa huwa linatumia umeme kidogo kwa ajili ya saa, kompyuta na kumbukumbu za redio, kwa kawaida chini ya miliampea 50. Ikiwa kwako kinanyonya nusu ampea, yaani 500, ndani ya saa 48 zimeondoka ampea-saa 24. Betri ya gari dogo huwa na ampea-saa 45 hivi. Zaidi ya nusu imekwisha kabla hujashika ufunguo, na betri ya gari haikuundwa kuishiwa kiasi hicho mara kwa mara. Kila ikikauka, ndani yake kunajijenga utando mgumu kwenye sahani za risasi unaoipunguzia uwezo wa kupokea chaji. Kwa hiyo huenda yule aliyesema betri yako mpya imeharibika alikuwa sahihi. Ila haikuwa mbovu dukani, iliharibiwa na gari.

Kuhakikisha ni rahisi na hakuhitaji fundi. Ijumaa jioni ukishaegesha, subiri saa mbili tatu, pima betri kwa mita: mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Betri nzima iliyojaa itasoma karibu volti 12.6. Ukiona 12.4 imebaki robo tatu hivi, ukiona 12.0 au chini ya hapo imekaribia kukauka. Ikiwa haijajaa, ipe chaja usiku kucha kwanza, maana alterneta kazi yake ni kuitunza betri, siyo kuifufua iliyokufa. Alterneta inayolazimishwa kufufua betri kila wiki inafanya kazi kwa joto kubwa na hufa mapema.

Halafu legeza nati ya waya wa hasi, uchomoe, uuweke pembeni usiguse kichwa cha betri. Siku zote hasi hutoka ya kwanza na kurudi ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya, zitaruka cheche kubwa karibu na betri ambayo ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Kabla ya kuchomoa, jua kama redio yako inadai namba ya siri ikikosa umeme.

Jumatatu asubuhi pima tena betri, kisha rudisha waya, washa gari. Likiwaka kwa nguvu, umethibitisha kwamba kuna kinachonyonya. Ikiwa betri imeshuka hata ikiwa imechomolewa, betri hiyo ndiyo mgonjwa, irudishe ulikoinunua kama bado ina dhamana.

Kumtafuta mnyonyaji, hapo ni afadhali uwe na mtu aliyewahi kufanya, na usimame naye uone. Mita inawekwa kwenye kipimo cha ampea 10 na kuunganishwa katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, ili umeme wote upite ndani ya mita. Milango ifungwe, ufunguo uwe mbali na gari, na msubiri nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari huchukua muda kulala. Katika muda huo mtu asiwashe gari wala taa kubwa, fyuzi ya mita itakatika papo hapo. Baada ya nusu saa soma namba. Ikiwa ni 0.03 au 0.04, hakuna tatizo. Ikiwa ni 0.4 au zaidi, anza kuchomoa fyuzi moja moja, ukiirudisha kabla ya kwenda nyingine. Ile ambayo ukiichomoa namba inaporomoka, huko ndiko anakojificha.

Dau langu naliweka kwenye ile redio au ile alamu. Uliandika hujui kama ina maana, kumbe huo ndio mstari nilioupigia kalamu mara mbili. Aliyefunga redio kwa haraka mara nyingi huunganisha waya wa ufunguo na waya wa kumbukumbu pamoja, basi redio haizimiki kabisa hata kioo chake kikiwa giza. Alamu nazo zikizeeka hubaki macho usiku kucha. Kama siyo hivyo, tazama taa ya buti. Weka simu inayorekodi video ndani ya buti, funga, subiri sekunde chache, fungua, uitazame. Nimeona taa moja ndogo ya buti ikilaza gari kila baada ya siku mbili. Na ikiwa fyuzi zote zimechomolewa na namba bado iko juu, mshukiwa ni alterneta yako ya mtumba: dayodi zake (vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) zikivuja hunyonya betri kupitia waya mnene usiopita kwenye fyuzi hizo ndogo. Usishangae hata kidogo ikiwa tiba ya pili ndiyo iliyozaa ugonjwa wa tatu.

Ugonjwa wa mchana sasa. Ile tak nzito ina habari njema. Inatuambia kwamba amri ya ufunguo imepita kwenye swichi, imepita kwenye swichi ya gia, imefika kwenye stata. Hivyo mtu akikwambia ubadilishe swichi ya ufunguo, mkatalie. Kilichobaki ni njia ya umeme mkubwa, na stata yenyewe.

Stata ya gari dogo ikizungusha injini huvuta ampea 100 hadi 200. Kwa mzigo huo, kasoro ndogo mno ya waya inakuwa ukuta. Chukua ampea 150 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.02, ambao mita nyingi za kawaida hata haziuoni. Zinapotea volti 3 njiani. Stata inapata 9 badala ya 12, na injini ikiwa ya moto, waya nao umepata joto na ukinzani umeongezeka. Baada ya dakika kadhaa za kurudia rudia, mguso unapata nafasi, likawaka. Ndiyo maana kwako linawaka "kama vile hakuna kilichotokea".

Nikwambie niliyoyaona kwa macho yangu. Aliletwa kwangu mteja mwenye gari la umri kama wa lako, keshabadilisha betri, keshabadilisha stata. Nilishika waya wa hasi unaotoka betrini kwenda kwenye injini. Kwa nje plastiki nyeusi nzima, laini, hata kutu hakuna. Nilipoukunja kwa vidole, karibu na kile kichwa cha kufungia bolti, ukasikika kama mchanga ndani. Nikachana plastiki kwa kisu: kati ya zile nyuzi nyingi za shaba zilibaki chache tu, nyingine zote zimekuwa unga wa kijani uliomwagika mezani. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye nyuzi zilizobaki. Tulifunga waya mpya, yule bwana akaondoka na stata yake ya zamani ikiwa ndani ya buti, nzima. Tangu siku hiyo siuamini waya wa hasi kwa kuutazama.

Pima hivi. Mita kwenye volti za kawaida. Ncha moja iguse risasi ya kichwa cha hasi cha betri (risasi yenyewe, siyo kile kibano), nyingine iguse chuma kitupu cha injini, sehemu isiyo na rangi. Mtu azungushe ufunguo wakati stata inavuta. Mita isizidi volti 0.2, au 0.3 kwa gari la zamani. Ukiona volti 1, umempata mwizi. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti kubwa ya stata, hapo usizidi 0.5. Huku chini kwenye stata mwachie fundi, na gari liwe kwenye P na breki ya mkono.

Tiba yake mara nyingi ni karatasi ya msasa na waya. Fungua vibano vya betri, sugua mpaka viwake, sugua pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kaza, paka grisi kidogo juu. Waya ukiwa na shaka ubadilishwe. Baada ya hayo, ikitokea tena tak moja, apime volti kwenye bolti kubwa ya stata na ganda lake ufunguo ukiwa umezungushwa. Zikiwa zaidi ya 10 na stata haizunguki, stata ndiyo yenye makosa. Na hata hapo mara nyingi zilizolika ni zile shaba mbili za mguso ndani ya solenoidi (ile swichi kubwa iliyopandishwa juu ya stata), au brashi zake, vitu vinavyobadilishwa bila kununua stata nzima.

Taa kupungua mwanga kwenye foleni usiipe uzito sana. Alterneta ikizunguka polepole huzalisha kidogo, hasa feni na kiyoyozi vikidai pamoja na taa. Ila pima: injini ikiwa inaunguruma, taa zimewashwa, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa ni chini ya 13, tazama mkanda wa alterneta kama umelegea au umekuwa laini unang'aa kama kioo, kisha rudi kwenye ule ule waya wa hasi kabla hujamlaumu mtu. Ikizidi 15, usiliendeshe hivyo, kirekebisha volti cha alterneta kimekufa na kitachemsha betri na kuua taa.

Hapa kwenye joto nataka usikilize kuliko pote, kwa sababu yote tuliyozungumza hadi sasa yanakulaza njiani tu, lakini joto linaua injini.

Gari linalopanda joto kwenye foleni na kushuka barabarani linakosa upepo. Barabarani mwendo wenyewe unapuliza rejeta, kwenye foleni kazi hiyo ni ya feni. Lingekuwa linapanda kwenye mwendo kasi na milima, ningekwambia utazame rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Lako linaelekeza kidole kwenye feni. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, kisha tazama na sikiliza. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni huanza mara moja au baada ya muda mfupi. Isipoanza, kuna fyuzi, kuna rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kuna swichi au sensa ya joto, kuna mota yenyewe. Ikiwa inazunguka kivivu, mota imechoka au inapata umeme pungufu. Na feni nayo hurudisha umeme wake bodini kwa waya wa hasi. Usinishangae nikisema waya ule ule tena. Katika magari ya umri huu mguso mbovu wa hasi kwenye bodi hujitokeza kwa sura nyingi. Ukimaliza hapo, tazama pia kati ya rejeta ya maji na ile ya kiyoyozi, huwa panajaa majani na vumbi kiasi kwamba hata feni nzima haipulizi kitu.

Thamostati irudishwe. Gari la zamani linaihitaji kama jipya. Inakaa imefunga mpaka maji yafike kwenye nyuzi 82 hadi 90 hivi, ndipo inafungua njia ya rejeta. Ukiitoa, barabarani injini haipati joto lake kamwe. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, unaona inakunywa. Oili nayo haipati joto la kukausha unyevu, inajaa matope. Na ile taa ya chungwa iliyowaka siku chache baadaye, sitashangaa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kikitoa namba P0128, ambayo maana yake ni kwamba maji hayafiki kwenye joto la thamostati. Gari lilikuwa linakwambia lenyewe kwamba limetolewa kitu. Soketi ya kusomea iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina pini 16. Namba isomwe mbele yako uiandike, isifutwe kabla hujaiandika. Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa unaweza kufika gereji. Siku ikianza kupepesa na gari linamisi, punguza mwendo na usimame, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuunguza kichujio cha moshi.

Maji ya bomba acha. Yana chumvi, yanakula alumini na kuacha magamba kwenye mirija ya rejeta. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ichanganywe na maji yaliyochujwa chumvi, na maji ya zamani yamwagwe yote. Mfuniko wa rejeta nao ubadilishwe, ni kitu kidogo chenye kazi kubwa: unabana shinikizo la karibu baa 1, na kwa shinikizo hilo kulanti haichemki mpaka ipite nyuzi 120. Ukilegea, inachemka mapema. Na mwanangu, mfuniko huo usiufungue gari likiwa la moto, hata kwa kitambaa, hata kwa haraka kiasi gani. Nimewaona watu waliobabuka uso na kifua.

Swali unalopaswa kumuuliza fundi hapa ni hili: je, hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ni nzima? Dalili unaweza kuzitafuta mwenyewe. Asubuhi injini ya baridi, fungua mfuniko, iwashwe, utazame kama maji yanatoa mapovu mfululizo. Tazama kijiti cha oili na chini ya mfuniko wa oili kama kuna utando wa rangi ya maziwa. Kwako unaweza kuuona kidogo kwa sababu ya injini kukosa joto, kwa hiyo ufute, urudishe thamostati, uone kama unarudi. Tazama kama maji yanapungua bila kuvuja chini, na kama moshi mweupe unaendelea hata injini ikishapata joto. Usipoona hata moja, shusha pumzi. Mpaka feni itengenezwe, mshale ukipita nusu kwenye foleni zima kiyoyozi na uwashe hita na feni yake hadi mwisho. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo. Ukikaribia nyekundu simama, zima, subiri.

Ka-ka-ka ya kona ni jointi ya nje ya eksele, upande huo huo wa kushoto. Inama utazame ile buti ya mpira yenye mikunjo nyuma ya tairi. Utaikuta imepasuka na grisi imerukia ndani ya rimu. Ingekuwa imepasuka leo, ungebadilisha buti na grisi tu. Ikishalia, jointi imelika. Haitakuangusha kesho, ila usiiache miezi.

Jambo moja hukuliandika nami nalihofia: mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja. Uliza kwenye gereji injini yako inatumia mkanda au cheni. Ikiwa ni mkanda na aliyekuuzia hakukupa karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu kwamba haujabadilishwa. Mingi hudumu kilomita 100,000 hivi, na katika injini nyingi ukikatika valvu zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Ukibadilishwa, pampu ya maji ibadilishwe humo humo ikiwa inaendeshwa na mkanda huo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Mafuta ya breki nayo, kama hujui umri wake, yamwagwe. Hunyonya unyevu wa hewa, na hapo breki hulegea siku ya mteremko mrefu.

Kuhusu kuuza, mwambie mzee wa nyumba asubiri wiki tatu. Hasira yake naielewa, umesukumwa barabarani. Lakini kwa ulivyoandika sioni gari bovu. Naona nyaya, redio iliyofungwa vibaya, feni, thamostati na jointi. Mtu akilinunua leo kwa bei ya hasira atasugua waya wa hasi, atarudisha thamostati, na ataliendesha miaka. Nitabadilisha kauli kwa mambo mawili tu: hedi gasketi ikithibitika imeungua, au likinyanyuliwa juu ikaonekana kutu imekula chasi na sehemu za kufungia miguu ya mbele. Hapo uzeni, na mmwambie mnunuzi ukweli wote.

Anza na feni na thamostati wiki hii, joto halisubiri. Wikiendi inayofuata chomoa hasi ya betri kama nilivyokueleza. Halafu niandikie namba nne: volti za Ijumaa, volti za Jumatatu, volti injini ikiunguruma na taa zikiwaka, na zile zinazopotea kwenye waya wa hasi stata ikivuta. Ongeza na ile ya taa ya chungwa. Nikizipata nitakwambia pa kushika.